Kutambua Bandari kwa Picha, Kuanzia Kivuko cha Kilombero

Kukisia bandari kwa picha ni mchezo unaopendwa na watu wanaosafiri kwa meli za starehe. Mmoja hutoa picha aliyoipiga akiwa sitahani, bila jina wala tarehe, na wenzake huitazama na kutaja mahali wanapopadhani. Anayepatia huchukua zamu ya kutoa picha yake. Katikati ya kukisia huzuka hadithi: fulani alishuka hapo akaachwa na meli, mwingine alikula pweza akaumwa tumbo siku 2, mwingine anaapa kwamba gati hilo si la bandari hiyo kabisa. Hadithi hizo huwa tamu kuliko jibu lenyewe.

Redioni mchezo huu una ugumu wake, kwa kuwa picha haionekani. Kila alama lazima itamkwe: kilicho mbele, kilicho nyuma, rangi ya maji, umbo la chombo, kivuli kimelalia upande gani. Mtu akilazimika kutamka hivyo, mara moja hubainika kama anaijua bandari au amelizoea jengo moja tu lililo mbele yake. Wengi wamelizoea jengo. Zanzibar kwao ni Beit al-Ajaib, Mombasa ni Fort Jesus, na jengo likikosekana katika picha hawana pa kushika.

Ndiyo maana mfano mzuri wa kuanzia ni mahali pasipo na jengo la kushika. Ifakara iko zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar es Salaam kwa barabara, wala haina bahari wala ziwa. Lakini ina mto, na mto huo kwa miaka mingi ulikuwa na kivuko chake, mahali panapoitwa Kivukoni, ambapo kila aliyekwenda Lupiro, Mahenge au Malinyi alishuka garini akasubiri pantoni. Malori ya mpunga yalipanga foleni, baiskeli zikapenyezwa katikati, abiria wakanunua samaki wa kubanikwa, na walioona pantoni inachelewa wakapanda mtumbwi. Gati la saruji na mnara wa taa havikuwapo, lakini kazi ya bandari ilikuwapo yote: nchi kavu iliukabidhi mzigo kwa maji, na ng'ambo ya pili ikaupokea.

Picha ya mahali kama hapo hutambuliwa kwanza kwa mlima. Chombo huhama, kibanda hubomolewa, hata ukingo wa mto humegwa na mafuriko, lakini mlima unabaki pale pale. Bonde la Kilombero limelala kati ya kuta 2. Upande wa kaskazini-magharibi ni safu ya Udzungwa, ambayo kilele chake kirefu, Luhombero, kina mita 2,576, ilhali sakafu ya bonde iko karibu mita 250 tu juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo Udzungwa huonekana kama ukuta uliosimama ghafla, si vilima vinavyopanda taratibu. Upande wa pili ni nyanda za juu za Mahenge. Mto ukifuatwa unakoelekea, Ifakara iko kushoto na Mahenge kulia. Mpiga picha aliyesimama ng'ambo akielekeza kamera Ifakara atakuwa na ukuta wa Udzungwa nyuma ya kila kitu; aliyesimama upande wa Ifakara akielekeza kamera ng'ambo atapata miinuko ya Mahenge.

Ukuta huo hutaja hata saa. Uso wa Udzungwa unaotazama bonde umeelekea mashariki, hivyo asubuhi jua huupiga moja kwa moja, na misitu yake na makorongo yake huonekana. Jioni jua huzama nyuma yake na mlima hugeuka kivuli cheusi kisicho na mikunjo. Picha yenye Udzungwa nyeusi ikisemwa kuwa ni ya asubuhi, kuna aliyekosea au aliyesahau.

Alama ya pili ni mwendo wa maji, na hapa ndipo bandari ya mto inapoachana na bandari ya pwani. Pwani maji hupwa na kujaa mara 2 kwa siku. Wakati wa bamvua, Zanzibar, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo hukaribia mita 4, na alama yake hubaki kwenye nguzo za gati: juu ni pakavu na peupe, chini ni pabichi na peusi, pamejaa chaza. Maji yakipwa, mashua hulala ubavu juu ya mchanga. Kilombero maji nayo hupwa na kujaa, ila mara 1 kwa mwaka. Mvua za kuanzia Novemba au Desemba hadi Mei huujaza mto, na kilele cha mafuriko huwa karibu na Aprili, wakati sehemu kubwa ya bonde inapogeuka ziwa. Mstari wa maji hautafutwi kwenye nguzo, unatafutwa kwenye vigogo vya miti na kwenye matete, ambako tope lililokauka limeacha mkanda wa kahawia wa urefu mmoja. Mkanda ukiwa juu ya kichwa cha mtu aliyesimama chini yake, picha ni ya kiangazi baada ya masika mazito.

Kiangazi mto hurudi katika mkondo wake, hupunguza tope, na mafungu ya mchanga huchomoza. Katika mafuriko rangi yake ni ya chai ya maziwa. Kwa hiyo picha 2 za diko lile lile, moja ya Aprili na nyingine ya Oktoba, zinaweza kuonekana kama nchi 2 tofauti, na wakisiaji wengi huangukia hapo. Mkulima wa Kilombero haangukii. Yeye ana mji wake mahali pakavu na ana dungu shambani, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, anakokaa wakati wa kulinda mpunga dhidi ya ndege na wanyama. Dungu likionekana nyuma ya diko, basi ni nchi ya mpunga wa mafuriko, na msimu nao umejitaja.

Alama ya tatu ni chombo. Mtumbwi wa Kilombero huchongwa kwa gogo moja, mwembamba, hauna mikono wala tanga. Wandamba, ambao uvuvi katika mto huu na mabwawa yake ni kazi yao ya tangu jadi, huuendesha wakiwa wamesimama, kwa upondo mahali penye maji mafupi na kwa kafi penye kina. Ngalawa ya pwani nayo chimbuko lake ni gogo, lakini ina mikono iliyotandazwa huku na huku yenye mbao za kuelea, kwa sababu mawimbi ya bahari yangeupindua mtumbwi mtupu. Ziwa Tanganyika lina vyombo vya dagaa vyenye taa za kuvulia usiku. Anayejua vyombo hivi hahitaji kuona mandhari. Huo mtumbwi usio na mikono umekwisha kumwambia kwamba hapa hakuna mawimbi makubwa.

Lakini kutokuwa na mawimbi makubwa si kutokuwa na hatari. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka mtoni kikiwa na abiria na magari, katika upepo na mvua. Picha za ajali hiyo ni miongoni mwa picha za Kivukoni zilizosambaa sana nchini, na kwa watu wengi wa mbali hiyo ndiyo sura ya pekee ya mahali hapo. Ni bahati mbaya ya kawaida kwa vivuko: kikiwa salama hakipigwi picha.

Kuna alama moja ambayo mkisiaji wa kawaida haiangalii, nayo inamaliza ubishi wote. Katika matete ya kando ya mto Kilombero anaishi ndege wa jamii ya mnana, mfuma viota, mwenye rangi ya manjano na koo jeusi, ambaye wanasayansi walimwandika rasmi mwaka 1990 kwa jina la Ploceus burnieri. Hajulikani kuishi popote duniani nje ya bonde hili. Ndege wengine 2 wadogo wa nyasini, waliokuwa wakijulikana na wapenda ndege kwa miaka mingi bila kupewa majina ya kisayansi, waliandikwa rasmi mwaka 2021. Picha ya mtumbwi ikiwa na mnana huyo juu ya tete, basi hakuna haja ya kuuliza mlima. Sheshe, yule swala wa nyika zenye maji, ni ushahidi unaozidiwa nguvu kidogo tu na huo: bonde hili liliwahi kukadiriwa kuwa na karibu robo 3 ya sheshe wote duniani, ingawa wamepungua mno, na wengine wako Zambia. Ni kwa ajili ya viumbe na maji ya namna hii kwamba mwaka 2002 bonde liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, kwa eneo la karibu kilomita za mraba 8,000.

Kosa linalorudiwa zaidi ni kuitaja Okavango. Picha ya mtumbwi wa gogo kati ya matete, mtu amesimama nyuma na upondo, imeuzwa mno katika vitabu vya utalii vya Botswana kiasi kwamba macho ya wageni hukimbilia huko. Dawa yake ni upeo wa macho. Delta ya Okavango ni tambarare hadi mwisho wa kuona. Kilombero, siku isiyo na ukungu, ina ukuta wa bluu upande mmoja au mwingine. Kosa jingine ni la Watanzania wenyewe, wanaoona mto mpana wenye viboko wakasema Rufiji. Hilo si kosa kubwa. Kilombero na Luwegu hukutana karibu na maporomoko ya Shuguri na kuwa Rufiji, na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero. Aliyetaja Rufiji amelitazama bonde lile lile akiwa chini zaidi.

Mbinu hizi zikipelekwa pwani hufanya kazi vilevile, ila pwani kuna majengo, na majengo yana faida moja ambayo mlima hauna: yanataja mwaka. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultani Barghash na kukamilika mwaka 1883, ni kalenda iliyosimama mbele ya bahari. Katika picha za mwanzo mnara umesimama peke yake mbele ya jengo. Mnara huo uliharibiwa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia, na baadaye mnara wa saa ukajengwa ukiwa umeshikamana na uso wa jengo. Huo nao ulianguka pamoja na sehemu ya jengo tarehe 25 Desemba 2020. Kwa hiyo picha yoyote ya jengo hilo iliyopigwa kutoka baharini inaingia katika kimoja cha vipindi 3, na mtu hahitaji kujua kingine chochote kuiweka mahali pake.

Dar es Salaam inatambulika kwa mlango wake mwembamba, ambamo meli kubwa hupita karibu na ufuko kiasi cha watu kuonana na abiria. Kabla ya maghorofa, alama ilikuwa minara ya makanisa 2 ya wakati wa Wajerumani, Azania Front na Mtakatifu Yosefu. Leo maghorofa yameizidi minara hiyo kimo, na anayetegemea makanisa hupotea. Mombasa hupoteza watu kwa njia nyingine: mji una bandari 2, moja kila upande wa kisiwa. Ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 inatazama njia ya Bandari ya Kale, ya majahazi. Meli za abiria huingia Kilindini, upande wa pili, ambako alama ni vivuko vya Likoni vikikata mbele ya meli. Anayesema aliiona Fort Jesus akiwa ndani ya meli iliyofungwa gatini Kilindini anachanganya picha aliyopiga na kadi aliyonunua. Lamu ni rahisi: ufuko wa punda na majahazi, magari karibu hakuna.

Maziwa nayo yana yake. Mwanza ni mawe, hasa lile la Bismarck lililosimama majini kama limewekwa kwa mkono. Kigoma ni vilima, stesheni ya reli ya Wajerumani na MV Liemba. Liemba inastahili kuzungumzwa kidogo na watu wa meli za starehe. Iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer, kisha ikafunguliwa, ikatiwa katika makasha, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kutoka huko kwa reli hadi ziwani, ambako iliungwa upya. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916 ili isitekwe. Waingereza waliiibua mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927. Karakana ile ile ya Papenburg ndiyo iliyounda Norwegian Dawn mwaka 2002, meli ya starehe iliyofika Dar es Salaam mwanzoni mwa 2024 na umati wa watalii. Waliosimama Magogoni kuishangaa ghorofa hiyo inayoelea walikuwa wakimtazama mdogo wake Liemba, ingawa hakuna aliyewaambia.

Huko nyuma wasafiri wa bahari hawakuwa watalii tu. Meli za kampuni ya British India, Kenya ya 1951 na Uganda ya 1952, zilibeba abiria kati ya London na Afrika Mashariki. Karanja na Kampala zilikwenda Bombay. Ndege zilipochukua abiria, Uganda iligeuzwa kuwa meli ya safari za wanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1960. Albamu za familia nyingi za Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar bado zina picha zilizopigwa katika sitaha hizo, na aghalabu nyuma yake hakuna neno lililoandikwa.

Kilombero nayo sasa ina kitu kinachotaja mwaka. Daraja lenye urefu wa mita 384 lilijengwa karibu na kivuko, likazinduliwa na Rais John Magufuli Mei 2018 na kupewa jina lake. Pantoni ikapoteza kazi, na foleni ya Kivukoni ikawa hadithi. Daraja limebadilisha pia pembe ya picha. Zamani mpiga picha alikuwa juu ya maji au kando yake, na mtumbwi ulionekana kwa ubavu, kichwa cha mwendeshaji kikivuka mstari wa matete. Sasa anasimama darajani na kuangalia chini, na mtumbwi ule ule unaonekana kama ukucha juu ya maji. Picha ya kutoka juu, yenye mtumbwi uliozungukwa na maji pande zote, karibu kila mara ni ya baada ya daraja. Picha yenye lori la magunia likiteremka tuta la udongo kuelekea pantoni ni ya kabla yake.

Zinabaki picha za kale, na hizo zina mtego wa jina. Wajerumani waliuita mto huu Ulanga, na jina hilo limeandikwa chini ya picha na ramani za wakati wao. Leo Ulanga ni jina la wilaya ambayo makao yake ni Mahenge, milimani, mbali na maji. Msomaji wa sasa akiona kivuko kilichoandikwa Ulanga huanza kukitafuta Mahenge, asikione, akaamua kwamba aliyeandika alikosea. Hakukosea. Picha hiyo huwekwa mahali pake kwa njia ile ile ya kwanza: hutafutwa mlima. Mtumbwi mbele, matete kando, na nyuma yake ukuta uliosimama ghafla, umeangazwa na jua hadi makorongo yanahesabika, basi ni mto Kilombero, mpiga picha yuko ng'ambo ya Ifakara, na ni asubuhi.